Daktari wa Bahari Kule Kilungu

Watu wa kwetu walimwita Daktari, na jina hilo lilimletea taabu tangu aliporudi kuishi Kilungu. Daktari alikuwa kweli, mwanamke aliyesoma mpaka mwisho, lakini hakuwa daktari wa watu. Alisomea bahari. Kazi yake ilikuwa kupima kama bahari ya dunia nzima inapanda au inashuka, na kwa kiasi gani, kwa setilaiti zinazozunguka huko juu tusikoona. Sasa mweleze hayo mama aliyepanda mlima na mtoto mwenye homa mgongoni, ambaye ameambiwa njiani kwamba kwenye ile nyumba ya mabati ya kijani kuna daktari aliyesoma ng'ambo.

Mimi ndiye niliyekuwa nesi wa dispensari ya pale chini ya shule, kwa hiyo makosa hayo yote yaliishia kwangu. Siku niliyomjua alikuwa akiteremka ile njia ya mawe na gambuti za kiume miguuni, amembeba mtoto wa watu kifuani, mama wa mtoto anamfuata nyuma na kikapu. Akaniambia, "Sista, huyu ameletwa kwa daktari ambaye si daktari." Nilimpokea mtoto nikidhani yeye atarudi zake. Hakurudi. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa mchana kutwa, na kila nilipopita na kipimajoto aliniuliza ni ngapi. Nikimwambia mtoto anaendelea vizuri, aliuliza tena, ngapi? Homa iliposhuka aliinuka, akamshika mtoto unyayo mara moja, akaondoka bila kuaga.

Baadaye nilizoea kumwona akija na wagonjwa wake. Mzee mwenye jipu. Msichana aliyeumwa na tumbo la mwezi. Nilimshauri awaambie watu wamwite Mwalimu, ili ile safari ya kupanda na kushuka iishe. Akasema jina hilo amelitolea jasho, hataliacha kwa sababu ya jipu.

Alikuwa mtu wa kubishana na maneno. Ukisema mvua siku hizi imepungua, atakuuliza imepungua kuanzia lini, na imepimwa wapi. Mwenye duka pale njia panda alifikia mahali pa kusalimia tu na kunyamaza. Lakini jikoni kwake hakuna kilichopimwa. Chumvi aliitupa kwa mkono kama mtu anayelisha kuku, na muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikuwa ama mgumu kama changarawe au umeharibika kuwa uji. Mama yake, ambaye sote tulimwita Susu, yaani nyanya, alikuwa akikaa mlangoni akimtazama, kisha anasema kwa sauti ya kusikika kwa jirani, "Bahari ameipima yote. Chumvi imemshinda."

Kwa ajili ya huyo Susu ndiyo alikuwa amerudi. Susu alikuwa na presha na miguu iliyovimba, na hakuwa na mtoto mwingine aliye hai. Daktari angeweza kumpeleka mjini. Susu alikataa, akasema hatakufa mahali ambapo mtu akikohoa majirani wanafunga dirisha. Basi Daktari akahamisha kazi yake ikaja mlimani. Netiweki ya kwetu ilikuwa inapatikana kwenye kile kilima nyuma ya shule, juu ya mwamba, na pale ndipo alipokaa asubuhi nyingi, shuka la Kimaasai mabegani, kompyuta mapajani, ukungu umefunika bonde lote chini yake. Waliokuwa wakipeleka mbuzi walimpitia na kumsalimu. Walimuuliza bahari iko aje leo, kama vile unavyouliza habari ya mgonjwa wa mtu. Naye alijibu kwa ukweli kwamba bado inapanda. Wakamwambia pole, wakaendelea na mbuzi wao.

Bahari yenyewe aliiogopa. Aliniambia hivyo bila haya tukichambua maharagwe kwake. Alifanya kazi pwani miaka mingi, kwenye ofisi yenye dirisha linalotazama maji, na hakuwahi kuingia zaidi ya kifundo cha mguu. Walipompandisha mashua mara moja kwenda kuangalia chombo fulani cha kupimia, alitapika kwenda na kurudi. Nilimuuliza mtu anasomeaje kitu kinachomtapisha. Akasema ukiitazama kutoka juu haina harufu.

Nilicheka. Wakati huo sikujua.

Kanisani alikaa nyuma, macho amefumba, na wengi walidhani analala. Siku moja mchungaji wetu, mtu mpole aliyependa kila mtu atumie kipaji chake, alimwomba aje azungumze na ushirika wa akina mama siku ya Alhamisi, aeleze kazi yake. Alikataa. Mchungaji akaenda kwa Susu, na Susu akakubali kwa niaba yake.

Alikuja na karatasi, akaziweka chini, hakuzisoma. Alituambia tutoke nje. Tukasimama ukingoni mwa uwanja wa kanisa, pale bonde linapoanza, akamwomba kiongozi wa kwaya apige kelele moja kuelekea mlima wa ng'ambo. Yule mama akapiga. Sauti ikaenda, ikagonga mwamba, ikarudi. Daktari akasema hiyo ndiyo kazi ya setilaiti. Inapiga kelele ambayo sikio haliisikii, kelele inashuka mpaka kwenye uso wa maji, inarudi, na setilaiti inapima imechukua muda gani. Ikirudi mapema, maji yako karibu, yaani yamepanda. Ikichelewa, yako mbali. Setilaiti ikimaliza siku kama kumi hupita tena palepale, ikapiga tena. Mtu akikusanya kelele hizo za bahari zote kwa miaka, akatoa makosa ya upepo na unyevu wa hewa na mawimbi, anabaki na namba moja ndogo. Dunia nzima, namba moja, milimita chache kwa mwaka. Alionyesha ukucha wake.

Tuliporudi ndani alikuwa amechangamka, na sisi pia. Mama mmoja akauliza kama bahari ikipanda hivyo itafika mji wa Sultan Hamud huko chini yetu. Ukumbi mzima ulicheka na yeye akacheka, akasema haitafika, hata wajukuu wa wajukuu wetu watakaa hapa wakitafuta maji kama sisi. Yule mama akasema basi kama haifiki, sisi tunaambiwa ya nini.

"Kwa sababu kuna watu wanaoishi kule," Daktari akasema.

Ndipo Susu aliposimama. Alichukua muda kusimama, akishika kiti cha mbele, na tulidhani anataka kutoka nje kujisaidia. Hakutoka. Alisema kwa Kikamba, polepole, bila hasira.

"Waambie pia habari ya Mumbua."

Uso wa Daktari ulibadilika mbele yetu. Akamwambia mama yake, "Mwaitu, kaa chini." Susu hakukaa. Alituambia yeye mwenyewe. Alituambia kwamba kule ukanga, kule baharini, kuna mjukuu wake, mtoto wa kike wa huyu Daktari, ambaye hakufikia umri wa shule. Alikufa kwa homa ya siku mbili, wazazi wake wakiwa bado vijana, wageni katika kazi. Mvua za mwaka huo zilikuwa zimekata barabara, na maiti ya mtoto haingoji barabara. Wakamzika palepale, kwenye makaburi ya kanisa dogo la watu wa bara, karibu na maji. Susu hakuwahi kuliona kaburi. Alisema kila mwaka anamwambia binti yake amlete mtoto nyumbani, na kila mwaka anajibiwa kwa namba. Kisha akaketi, akafunga leso yake vizuri, kama mtu aliyemaliza kutoa matangazo.

Hakuna aliyecheka tena. Mchungaji, ambaye alikuwa ameingia kusikiliza mwisho wa mazungumzo, akasema kanisa litasaidia. Yeye mwenyewe atakwenda kuomba ruhusa zinazotakiwa, akina mama wataandaa, mtoto ataletwa na kuzikwa kwa heshima nyumbani kwao. Akina mama waliitikia. Daktari alisimama pale mbele na mikono yake imening'inia. Alisema asante. Kisha akaeleza, kwa ile sauti yake ya kubishana na mwenye duka, kwamba kaburi liko salama. Amelipima mwenyewe, urefu wake kutoka usawa wa maji yanapojaa. Kwa kasi ambayo bahari inapanda, itachukua miaka mingi kuliko iliyobaki ya mtu yeyote ukumbini humo. Kuna wakati, akasema. Hakuna sababu ya kumsumbua mtoto.

Susu alinyoosha mkono kutafuta fimbo yake. Alikuwa amekwisha kusema.

Nilimsindikiza Daktari jioni ile. Wakati mwingine alitembea haraka kuliko mimi lakini siku hiyo alisimama kila penye jiwe la kukalia. Nilikuwa nimeshaelewa kwa nini alikaa kwenye benchi langu siku nzima akiuliza joto la mtoto wa watu, na nikamwambia pole, nikasema sikujua. Akaniuliza kama katika kazi yangu nimewahi kuona mtu akitolewa kaburini. Nikasema hapana, maiti ninazoziona ni za siku hiyo. Halafu akasema namba zile ni za kweli, asitokee mtu akafikiri amedanganya kanisa. Lakini si namba zinazomzuia.

"Nilimvika sweta ya manjano," akasema. "Akilini mwangu bado amevaa. Wakichimba, Sista, nitaona nini?"

Nilimwambia hahitaji kuwepo, watu wengine wanaweza kumfanyia. Akanitazama kama nimesema kitu kisichowezekana, na nadhani kilikuwa hakiwezekani. Mama atakaaje nyumbani watu wakimfukua mwanawe? Basi tukaagana. Mchungaji alimkumbusha mara mbili tatu mwaka huo, na kila mara alijibiwa kwa upole kwamba kuna wakati.

Mume wake simsemi sana kwa sababu sikumjua. Waliachana muda mfupi baada ya msiba, bila ugomvi, kama watu wawili walioshika kitu kizito na mmoja akakiachia. Daktari akaenda kusoma ng'ambo. Aliniambia kule alikosoma alikuwa wa kwanza kuingia maabara na wa mwisho kutoka, na watu walimsifu kwa bidii. Hawakujua kwamba alikuwa anaogopa kurudi chumbani.

Simu ilikuja asubuhi ya siku ya presha. Siku hizo wazee walikaa kwenye laini nje ya dispensari, Susu akiwa katikati yao, Daktari amesimama pembeni amemshikia fimbo. Nilikuwa nimefunga kifaa kwenye mkono wa mzee mmoja nilipomwona kupitia dirisha akiweka simu sikioni. Alisikiliza tu. Hakuuliza chochote, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwa sababu huyu alikuwa mtu wa kuuliza. Aliporudisha simu mfukoni alikuja mlangoni akaniambia, kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie, kwamba mlinzi wa makaburi amepiga. Kumekuwa na upepo mkubwa siku ambayo maji yalijaa kupita kawaida. Ukingo umevunjika.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda naye. Kwa Susu tulisema tunakwenda Mombasa kwa shughuli ya kazi, na Susu alitutazama na hakuuliza. Njiani Daktari alikaa upande wa dirisha. Alikuwa na kompyuta ndani ya mfuko mapajani na hakuifungua.

Nilitarajia kuona uharibifu, miti imelala, nyumba zimebomoka. Hakukuwa na kitu kama hicho. Kanisa lilikuwa limesimama, limepakwa chokaa, mama mmoja anafagia mlangoni. Nyuma yake makaburi yalikuwa yamepangwa kwa mistari mizuri, safu baada ya safu, mpaka mahali ambapo ardhi ilikatika kama mkate. Chini ya mkato ule kulikuwa na mchanga msafi na maji ya buluu, yametulia kabisa, hata watoto walikuwa wanaoga mbele kidogo. Safu mbili za mwisho hazikuwepo. Za watoto walikuwa wameziweka mwisho, upande wa maji, kwa sababu huko udongo ni mwepesi kuchimba.

Mlinzi alikuwa mzee wa palepale, Mdigo, mwenye kofia na adabu nyingi. Alimpa Daktari pole kwa mikono miwili. Alituonyesha misalaba aliyoiokota ufuoni, ameilaza kwa mpangilio nyuma ya kanisa. Wa Mumbua haukuwemo. Alitueleza pia, kwa shida, kwamba maji yalipotoka aliona mifupa kidogo kwenye mchanga, hapa na pale. Yeye na mchungaji wa pale wakaikusanya yote wakaizika pamoja, mbali na maji, kwenye kaburi moja. Hakuna aliyejua ni ya nani. Watu wengine waliokuwa na wapendwa wao katika safu zile walikuwa wameshakuja na kusali pale.

Daktari alimuuliza maji yamepanda kiasi gani tangu alipoanza kazi. Lilikuwa swali lake la kawaida, nalo lilitoka mdomoni kabla hajajua.

"Kupanda?" mzee akasema. "Mwanangu, haya hayakupanda. Yalipiga. Yanapiga huu mwaka wa ngapi sijui, yanakula mchanga, yanarudi. Kila mtu hapa anajua."

Daktari alikwenda akasimama ukingoni, karibu sana, mpaka nikamshika nguo. Aliongea akiwa ameyapa maji mgongo. Aliniambia kitu ambacho hakuwahi kutueleza siku ile ya mwangwi, na hakikuwa siri, alisema, kila mtu wa kazi yao anakijua. Setilaiti ikiwa katikati ya bahari inasikia vizuri. Ikikaribia nchi kavu, kelele yake inagonga maji na ardhi kwa pamoja, inarudi imechanganyika, haisomeki. Kwa hiyo namba za karibu na pwani huwa wanazitupa. Miaka yote hiyo amekuwa akizitupa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, la sivyo zinaharibu hesabu ya dunia.

"Utepe mwembamba tu," akasema. "Kutoka ufuoni kwenda ndani kilomita kadhaa. Hapa tunaposimama ni ndani ya ule utepe. Namba yangu haikukosea, Sista. Mimi ndiye niliyeileta mahali isipofika."

Tulilala kwenye chumba cha wageni cha kanisa. Asubuhi, tukinywa chai, nilimwambia nilichokuwa nimekifikiria. Miaka yangu dispensari imenifunza kwamba mtu anayekaribia mwisho hahitaji kila kitu. Nilimwambia tuchukue udongo wa lile kaburi la pamoja, tuutie kwenye kisanduku, tukifika nyumbani tuseme ni Mumbua. Huenda hata ni kweli. Susu atazika, ataimba, atapumzika. Mchungaji wetu hatauliza.

Hakukasirika. Akazungusha kikombe. Akasema mle ndani kuna watoto wa watu wengine, na mama zao wamepaombea pale, hawezi kuwagawa. Akasema pia kwamba maisha yake yote amemjibu mama yake kwa namba, na angalau hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Hatampa ya kwanza sasa.

"Utamuumiza," nikasema.

"Nimeshamuumiza. Ninachokwenda ni kumwambia."

Mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyekuwa sahihi. Nilikuwepo alipomwambia. Susu alikuwa amekaa jikoni, miguu juu ya kigoda kama nilivyomwagiza. Daktari alipiga magoti mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya hata kanisani, akamweleza yote kwa Kikamba, tangu ukingo mpaka lile kaburi la pamoja. Hakupunguza. Susu alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama sweta aliyozikwa nayo mtoto ilikuwa ile ya manjano aliyoifuma yeye. Daktari akasema ndiyo. Susu akasema, "Basi imeenda," akageuza uso akatazama moto.

Tangu siku hiyo hakuzungumza na binti yake. Si kwamba alimnunia. Alikula alichopikiwa, hata kile kibaya, na hakusema tena neno juu ya chumvi. Aliitika akiitwa. Aliniambia mimi mambo ya miguu na ya usingizi, akamwambia mchungaji wimbo anaoutaka, lakini kwa Daktari aliishiwa na maneno. Nilikuwa nikipita jioni kumpima presha na kuwakuta wamekaa pande mbili za moto, wote wawili wanatazama sufuria moja. Daktari alimwosha miguu, akampaka mafuta, akamsomea Biblia. Alikuwa ameacha kupanda kilimani. Wenye mbuzi waliuliza habari za bahari kwangu.

Susu alikufa msimu wa mbaazi, mchana, akiwa amelala. Tulipokaa kupanga mazishi, mchungaji alisema Susu alimwachia agizo. Kaburi lake lisichimbwe katikati ya ile sehemu iliyotengwa kwa makaburi chini ya matuta. Lichimbwe upande wa kushoto, na karibu yake iachwe nafasi ndogo, isilimwe, isipandwe. Wachimbaji walitaka kujua nafasi ya ukubwa gani. Daktari alitoka nje akawaonyesha mwenyewe kwa mikono. Wanaume wale walitazama chini. Tulimzika Susu, na nafasi ikabaki hapo, nyasi zimefyekwa, tupu.

Daktari hakukaa sana baada ya hapo. Alinipa ufunguo wa nyumba na kuku wake wote, akasema anarudi pwani. Nilidhani anarudi kwenye ofisi yenye dirisha. Akasema hapana. Kuna setilaiti mpya zinazoweza kusikia karibu zaidi na nchi kavu kuliko zile za zamani, lakini lazima mtu awe chini, ufuoni, alinganishe kinachosemwa na setilaiti na kinachoonekana kwa macho. Kazi ya vijana, ya kutembea kwenye mchanga na jua. Alikuwa ameiomba, na walishangaa mtu wa cheo chake kuiomba. Nilimkumbusha anavyoiogopa bahari. Akasema bado anaiogopa.

Miaka ilipita tukipeana salamu kwa simu. Zilikuwa fupi. Aliuliza kama nafasi imefyekwa, nikasema ndiyo, na ilikuwa kweli, nilifyeka mwenyewe.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, alikuja. Mimi nimeshastaafu na nilikuwa nimekaa kibarazani nikimenya maembe ya kukausha nilipomwona akipanda njia, amekonda, ngozi imeungua na jua, viatu vya wazi miguuni. Akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya vibaya kama kawaida yake. Nilimuuliza habari za kazi. Alisema sasa anapita vijiji vya pwani kimoja baada ya kingine, na kitu cha kwanza anachowauliza wazee si maji. Anauliza makaburi yalikuwa wapi zamani. Watu husahau mti ulipokuwa, akasema, hata nyumba, lakini hawasahau walipozika.

Kisha akaniambia habari ya mama mmoja. Huyo mama anaishi karibu na maji, na nyuma ya nyumba yake, upande wa ufuo, amezika mtoto wake. Aliposikia kwamba huyu ni daktari wa bahari alimshika mkono akampeleka mpaka kwenye kaburi, akamuuliza imebaki miaka mingapi kabla maji hayajafika hapo.

"Jibu nilikuwa nalo, Sista. Lilikuwa kwenye kompyuta. Jibu zuri kabisa."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia amtoe kesho."

Kesho yake walikuja wazee wa pale na shehe wao, wakasoma dua zao, wakachimba. Daktari alikuwa anataka kwenda zake, akasema, alikuwa ameshachukua mfuko wake. Lakini yule mama alikuwa peke yake, mume yuko mbali kazini, akamwomba amshikie ncha moja ya kitambaa. Akaishika. Akabaki pale, macho wazi, mpaka mwisho.

Juisi ya embe ilikuwa inateremka mpaka kwenye viwiko vyake na hakuifuta. Sikuwahi kumwona akilia, si pwani wala siku ya Susu, na hata hapo sauti yake haikubadilika, machozi tu yalikuwa yanashuka yenyewe. Nilikiweka kisu chini, nikangoja.

"Si kitu cha kutisha," akasema. "Miaka yote ile niliogopa. Ni kidogo sana, Sista. Mama yake alimbeba mwenyewe kupanda juu mpaka kwenye kaburi jipya, hakutaka kusaidiwa. Alimbeba kwa mkono mmoja, na mwingine ameshika nguo yake isikanyagwe."

Akatazama mikono yake iliyolowa.

"Mumbua naye angekuwa mwepesi," akasema. "Ningefika naye."